Nguzo Iliyosogezwa kwa Ajili ya Wageni

Divine, uliponipigia simu wiki iliyopita uliuliza kwa adabu zote: "Mzee, wageni wa wafadhili wanakuja mwezi wa saba. Mto utakuwa umekauka. Hatuwezi kuisogeza ile nguzo ya kupimia mto karibu na maji, siku moja tu?" Nikakuambia nitafikiri. Bila shaka uliwaambia wenzako ofisini kwamba mzee amechoka, siku hizi anafikiri polepole.

Sikuwa na cha kufikiri. Jibu ni hapana. Ila ningekupa hapana kwa simu ungeuliza sababu, na mimi kwa simu ni mwongo hodari, nimefanya kazi hiyo miaka mingi. Kwa hiyo naandika. Wasomee wote walio hapo, hasa wale vijana wawili mnaowatuma shuleni na viatu vyao vyeupe.

Mnajua nilikuwa afisa mradi katika shirika letu dogo hapa Gisenyi mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa kuandika maombi ya ruzuku ili watoto wa shule wajifunze habari za bonde la mto kwa vitendo: maji yanatoka wapi, udongo wa shamba la baba yako unakwenda wapi, kwa nini mto Sebeya unaingia ziwani pale karibu na Rubona ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Mimi nililelewa Karagwe, upande wa Tanzania, nikaja huku ng'ambo ya mpaka nikiwa mtu mzima na Kiswahili changu cha shule, na kwa sababu ya Kiswahili hicho na Kiingereza kidogo wakaniona ninafaa kuandika. Mto sikuujua kabisa.

Andiko langu la kwanza lilikataliwa. Nilikuwa nimepanga warsha tatu katika hoteli ya ufukweni, kalamu, mikoba yenye nembo, na chakula cha mchana. Aliyelisoma huko kwa wafadhili aliandika sentensi moja pembeni: "Mtoto analowa katika ukurasa wa ngapi?" Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikalisoma upya, na kweli, hakuna mtoto aliyelowa hata kidole. Mpaka leo, mkinipa andiko lenu, hilo ndilo ninalotafuta kwanza. Nionyesheni ukurasa ambao mtoto analowa.

Na akienda kulowa, mvisheni buti. Nunueni buti za saizi ndogo nyingi kuliko kubwa, kwa maana watoto wa darasa la nne ndio wanaopenda kuingia majini. Wale wa darasa la sita wanaona aibu. Chupa za plastiki zisizo na rangi ziombeni kwenye maduka ya mtaani Mbugangari, msizinunue. Jazeni maji ya mto baada ya mvua, pangeni dirishani, subirini siku mbili. Udongo ukishatulia chini, mpe mtoto rula apime. Nimeona mtoto mmoja akiishika chupa ile na kusema kwa huzuni, "Hii ni shamba yetu." Hotuba yangu ya dakika arobaini ilikuwa haijamfikisha hapo.

Mambo hayo sikuyagundua mimi. Mengi nilifundishwa na Bahati, fundi mwashi wa Mbugangari, aliyezaliwa Goma na kurudi huku na familia yake. Ofisini tulimwandika kama kibarua. Ukweli ni kwamba yeye ndiye alikuwa mwalimu wangu, na ile nguzo ya kule kijijini Nyakiriba ni kazi ya mikono yake.

Nguzo hiyo ilikuwa katika ruzuku yetu ya pili. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kwamba wanafunzi watasoma kimo cha mto kila siku na kukiandika daftarini, na maji yakizidi watatoa tahadhari kwa majirani. Kijito kile kinachoingia Sebeya mnakijua. Kiangazi kinabaki uzi wa maji katikati ya mawe, na masika hakieleweki. Nilifika na Bahati, nikamwonyesha mahali pazuri, chini kabisa, ambapo mtoto angeona maji vizuri. Aliondoka, akapanda mpaka nyumba iliyokuwa karibu zaidi na mto, akapiga hodi.

Hapo ndipo nilipomjua Mama Nyirabahire. Alikuwa mzee wa kulima karoti na vitunguu, aliyekuwa amevusha viazi mpakani kwenda kuviuza Goma kwa miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kubishana bei. Bahati alimuuliza maji yaliwahi kufika wapi. Mama akatoka nje, akainama, akaweka kiganja kwenye kizingiti cha mlango wake.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa mutoto. Baba alinibeba kwa mugongo."

Bahati alikuwa na mpira mrefu wa maji, ule wa kuonyesha ndani ambao mafundi wanatumia kusawazisha msingi. Unaujaza maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, na maji yanasimama sawasawa pande zote mbili hata kama kuna kichaka kati yenu. Mimi nilishika ncha kizingitini kwa mama, yeye akashuka na nyingine mpaka ukingoni. Pale maji ya mpira yalipolingana na kizingiti, akarudi chini kiasi cha mkono mzima, na hapo, kwenye chuma cha nguzo, akatia alama ya kuanzia rangi nyekundu.

"Ule mukono moja ni ya kukimbia," akanieleza. "Maji ikigusa nyekundu, mama iko na wakati ya kuchukua mbuzi yake na kupanda. Ikifika kwa mulango, bon, basi, wakati imeisha."

Kwa hiyo nguzo ya chuma ikasimama juu ya ukingo, ndani ya zege: kijani chini, njano katikati, nyekundu juu. Mwalimu Consolata, aliyekuwa na klabu ya mazingira pale shuleni, akawafundisha watoto. Kijani, andika. Njano, mwambie mwalimu. Nyekundu, piga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, na ilisikika mpaka bondeni.

Kisha kiangazi kikaingia, na daftari likaanza kujaa sifuri.

Nataka mnielewe hapa, kwa sababu ninyi mnafanya kazi niliyoifanya na mtaliona kosa hili kabla ya mtu mwingine yeyote. Nguzo ilikuwa mahali pake hasa. Maji hayakuifikia kwa sababu hayakupaswa kuifikia. Watoto walishuka kila asubuhi, wakatazama, wakaandika sifuri, wakapanda darasani. Walikuwa wanafanya kazi. Lakini mimi nilikaa ofisini na jedwali la viashiria mbele yangu, nikaona safu nzima ya sifuri, na nikaona aibu. Niliona kama mtu atakayesoma atadhani hatukufanya lolote.

Na wageni walikuwa wanakuja mwezi wa nane, pamoja na mpiga picha.

Nilimwita Bahati. Nikamwambia tuishushe nguzo mpaka kwenye uzi wa maji, watoto wapigwe picha wakisoma kimo, kisha tuirudishe. Siku moja tu. Divine, ulitumia maneno yale yale, na ndiyo maana nilikuambia nitafikiri.

"Mi siko nakataa kazi, chef," Bahati akasema; ndivyo alivyoniita, kama mkubwa wake. "Lakini hii nyekundu iko ya mulango ya mama. Ukiishusha, itakuwa nyekundu ya nani?"

"Ya picha," nikamjibu. Nilijiona mcheshi.

Aliivunja zege kwa uangalifu. Akaing'oa nguzo, akaishusha kati ya mawe, akamwaga zege mpya. Kisiki cha ile zege ya zamani kilibaki ukingoni na shimo lake katikati. Nikamwambia akitoe, kitaonekana vibaya kwenye picha. Akakataa. "Siku moja mutu atauliza mahali kwenye ilikuwa," akasema, akakifunika kwa majani.

Picha ilitoka nzuri sana. Watoto wanne wenye buti, maji kwenye rangi ya kijani, mmoja ananyoosha kidole. Wafadhili waliiweka kwenye jalada la ripoti yao. Mnaijua, iko ukutani hapo ofisini, juu ya mashine ya kuchapisha. Mkitazama kushoto, nyuma ya mtoto mwenye sweta ya bluu, kuna rundo la majani makavu. Ndicho kile kisiki.

Sikuirudisha. Ningependa kuwaambia kulikuwa na sababu moja kubwa, lakini zilikuwa ndogo ndogo, za kiofisi. Kwanza zege ilikuwa mpya. Kisha nilikuwa na andiko la awamu ya pili ya mradi huo, na vipimo vilikuwa vimeanza kupendeza: siku hii kijani, siku ile kijani zaidi. Kisha mvua za mwezi wa tisa zikaanza na kijito kikawa na nguvu.

Katikati ya mwezi wa kumi maji yalifika nyekundu. Yalikuwa maji ya kawaida ya mvua, hayajatoka hata kwenye njia yake, lakini nguzo ilikuwa chini mno. Mtoto akaona nyekundu, akafanya alivyofundishwa. Kengele ikalia. Watu wa bondeni wakapanda mlimani na mbuzi, magodoro, masufuria. Mama Nyirabahire alipanda akiwa ameshika kamba ya mbuzi wake kwa mkono mmoja na fimbo kwa mwingine. Walikaa juu mpaka jioni. Maji yakashuka. Wakarudi.

Ilitokea tena, na tena. Mara ya tatu nilikuwepo. Nilimkuta mama njiani akishuka, amechoka, anaegemea fimbo. Alinitazama akacheka.

"We muzee wa ofisi, hii nguzo yako iko na woga kupita mimi. Mi nimezaliwa hapa, yeye amekuja jana."

Nilicheka naye. Nilicheka, na nilikuwa najua kwa nini nguzo ina woga. Nikarudi Gisenyi nikaandika katika ripoti kwamba jamii imeitikia tahadhari mara tatu. Kila neno lilikuwa la kweli. Barua ya pongezi ilikuja, mkurugenzi wetu akaisoma kwa sauti kwenye kikao, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Kufika Krismasi hakuna aliyekuwa anapanda. Kengele ililia watu wakaendelea kupalilia. Consolata akaona anawachosha bure, akawaambia watoto waandike tu.

Mwezi wa kwanza mvua zilipumzika na mto ukapungua. Bahati akanipigia simu. "Chef, mto imekauka. Tuirudishe sasa, mi nitakuja na mupira." Nilimwambia tusubiri kidogo, tathmini ya awamu ya pili iko mwezi wa pili, na tukiihamisha nguzo katikati ya mwaka vipimo havitalingana, watauliza. Akasema, "Sawa, chef." Hakuniita chef tena baada ya hapo. Nafasi ya kurekebisha nilipewa, Divine, kwa simu, na mtu aliyekuwa tayari kuja na vifaa vyake. Niliikataa kwa ajili ya jedwali.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwezi wa nne, saa tisa mchana. Hapa Gisenyi kulikuwa na jua. Nilikuwa dirishani nikitazama ziwa lililotulia, nikiandika sehemu ya ripoti inayoitwa mafunzo tuliyoyapata. Nyakiriba pia hakukuwa na mvua. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani tangu asubuhi, na maji yakateremka yote pamoja na matope na miti.

Consolata alinipigia. Mwanzoni sikuelewa anachosema.

"Ilikuwa nyekundu," alikuwa anarudia. "Saa sita niliona ni nyekundu. Lakini Mzee, ni nyekundu tangu Jumatatu. Sasa ningejuaje? Ningejuaje, Mzee?"

Watoto walikuwa shuleni, juu, salama. Wengi wa bondeni walikuwa mashambani upande wa pili. Mama Nyirabahire alikuwa ndani akichambua mbegu za vitunguu. Nyumba ilikwenda yote, kuta, bati, na kizingiti. Walimpata siku ya pili, chini zaidi, karibu na pale kijito kinapoingia Sebeya.

Nilikwenda mazishini. Nilishika mkono wa mwanawe, Faustin, ambaye ni dereva wa pikipiki huku Mbugangari, nikamwambia maji yalikuwa makubwa mno. Watu wote walikuwa wanasema hivyo. Nilipotoka hapo nilipita mtoni. Nguzo ilikuwa imesimama. Zege ya Bahati haikutikisika, na rangi nyekundu ilikuwa mpya kabisa, imeoshwa. Katika fomu ya wafadhili kulikuwa na swali kama vifaa vya mradi vimeharibika. Niliandika: "Nguzo iko imara." Sijawahi kuandika kitu kilichonitia kinyaa zaidi, na nilikituma.

Nilifanya kazi miaka mingine baada ya hapo. Sikumwambia mtu. Consolata aliomba uhamisho, na siku aliyoondoka aliniachia daftari la vipimo bila kuniaga vizuri, kwa sababu alidhani kosa ni lake. Nilimwacha adhani. Ninyi vijana mnaniita mzee wa busara mnaponiletea maandiko yenu nisahihishe, na mimi nachukua kalamu.

Nilipostaafu nilikosa mahali pa kujificha. Mtu wa ofisi anaamka na kazi, anaificha aibu ndani ya kazi. Mimi niliamka nikaikuta imekaa kitini. Baada ya wiki chache tu nikamtafuta Consolata kwenye shule yake mpya nikamweleza, akalia, akaniambia niondoke. Kisha nikamtafuta Faustin kwenye kituo chao cha pikipiki.

Nilimweleza yote, na picha, na kiangazi, na simu ya mwezi wa kwanza. Alikuwa ameshika kofia yake ya pikipiki mapajani.

"Mama alituambia nguzo iko na woga," akasema baadaye. "Tulicheka yeye. Tulicheka mama yetu." Akaigeuza kofia. "Aliyesogeza ni we?"

"Ni mimi."

"Na sasa iko wapi?"

"Bado iko mtoni."

Nilingoja anipige. Nadhani nilikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo. Alivaa kofia yake, akawasha pikipiki, akasema, "Panda. Twende kwa Bahati."

Kilikuwa kiangazi. Tulishuka kwenye kijito sisi watatu, na Bahati alikuja na nyundo, saruji, na ule mpira wake wa maji. Alianza kuujaza kwa mazoea. Faustin akashika ncha moja, akapanda nayo kuelekea kwenye kiwanja cha mama yake. Akafika akasimama. Hapakuwa na kitu, mawe na majani tu, hata udongo wenyewe ulikuwa umekatwa ukashuka. Alikuwa anatafuta kizingiti cha kuwekea mpira. Alizunguka pale muda mrefu, ameshika ile ncha juu, maji yanamtiririka mkononi.

"Weka chini," Bahati akamwambia polepole. "Mulango haiko."

Akaenda ukingoni, akaondoa majani na udongo kwa mikono, akakifunua kile kisiki cha zege. Shimo lilikuwa bado lipo, limejaa mchanga. Tulilisafisha kwa kijiko, tukaitia nguzo ndani mpaka ikagota chini, Bahati akaimwagia zege pande zote mpaka juu. Kisha akaniambia maneno ambayo nawapa kama alivyonipa.

"Ile kisiki ilikuwa inakumbuka mulango. Sasa nguzo iko ndani yake. Mutu akiing'oa tena, itavunjika yote mbili, na hakuna mahali kwenye tutapima."

Kwa hiyo hapo ilipo, Divine, juu na kavu, mbali na maji ambayo mpiga picha wenu atayataka, ndipo itakapobaki. Mwezi wa saba wapelekeni wageni mpaka pale ukingoni. Wataona chuma kikavu na watoto wanne wenye buti wakiandika sifuri. Mmoja wao atauliza kama nguzo haifanyi kazi. Msicheke, msieleze habari za viashiria. Mwonyesheni nyekundu, halafu nyoosheni mkono kuelekea kiwanja kile cha majani, mwambieni palikuwa na mlango pale, na kwamba rangi hii ndiyo pekee inayojua ulikuwa juu kiasi gani.